Swichi ya Elfu Nne

Mama yangu, Roza Ojuok, hanunui kitu kizima. Sukari ni robo, mafuta ni ya kupima, sabuni ya mche anakatiwa kipande dukani kwa Maige. Luku ya umeme anaweka ya elfu mbili, ikiisha anaweka nyingine ya elfu mbili. Ukimwambia aweke ya elfu kumi mara moja anakuangalia kama umemwambia anunue meli. "Nikifa kesho," anasema, "hizo uniti mtanizika nazo?"

Hapa Pasiansi wanamjua kwa kompyuta. Iko sebuleni, kwenye meza iliyokuwa ya marehemu baba, imefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Anaandika ratiba za mazishi, kadi za michango ya harusi, barua za kupeleka kwa mtendaji. Msiba ukitokea mtaani, hata turubai halijafungwa, mtu ameshatumwa kwetu na karatasi ya majina. Mama anachapa kwa vidole viwili, miwani imeshuka puani, anauliza, "Huyu mjukuu anatajwa, au mmegombana naye?"

Hiyo kompyuta ilikuwa nyeupe. Sasa hivi ina rangi ya meno ya mvuta sigara. Kuandika inaandika vizuri. Shida ni kuiwasha. Kitufe cha kwenye sipiyu kimelegea, kwa hiyo unakibonyeza kwa kifuniko cha kalamu, hukisukumi mpaka mwisho, unakishikilia katikati, halafu mkono wa pili unaipiga sipiyu ubavuni, siyo kwa nguvu. Ukisikia feni imekohoa ndo unaachia. Mama ameshindwa. Mdogo wangu Favour ameshindwa. Anayeweza ni mimi peke yangu.

Na umeme wetu mnaujua. Kila ukikatika na kurudi, simu yangu inaita.

"Obuya, umeme umerudi." Haongezi neno.

Nimeitwa niko uwanjani, dakika ya sabini, tumebaki wachezaji kumi. Nimeitwa niko kwa msichana mmoja wa kule mtaa wa Nyakato, chai ndo inamiminwa. Siku moja nilikuwa nimeshapanda kivuko cha Kamanga, naenda Sengerema kuangalia kibarua. Simu ikaita, nikashuka. Watu waliniona ninavyotoka mbio wakadhani nimeiba.

Shule niliacha kidato cha pili, na toka hapo ni miaka minne. Nimelala nje ya mji mara moja tu, mwaka juzi, tulipoenda kumzika bibi kule Rorya. Mama alitangulia kurudi, mimi nikabaki siku tatu. Nilivyofika nyumbani nikakuta kompyuta haijawashwa siku zote tatu, misiba miwili inasubiri, na mama amesimama mlangoni ananipokea kama daktari wa zamu. Nilijisikia mtu, sidanganyi.

Mwaka huu nikachoka. Jirani yetu Masele anaendesha Fuso, anabeba dagaa kutoka Mwaloni mpaka Tunduma, na alikuwa anatafuta utingo.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi naondoka," akaniambia. "Ukichelewa nachukua mwingine. Na mama yako muage kabisa, maana huwezi kunishukia Shinyanga eti umeme umerudi."

Tegemeo langu lilikuwa mchezo, ule wa kuchangiana hela na kupokea kwa zamu. Mwezi huu ilikuwa zamu ya mama kupokea mchezo wa akina mama wa kwaya, laki tatu na nusu. Hiyo unapata kompyuta ya mtumba nzuri tu, na inawashwa na yeyote. Nikamfuata jikoni.

"Mama, ile kompyuta imezeeka. Nunua nyingine."

"Mbona inawaka?"

"Inawaka kwa sababu mimi nipo."

"Si ndo hapo. Inawaka."

Hela ikaenda kwenye ada ya Favour na bati za choo. Ilikuwa Alhamisi. Nikabaki na siku tatu.

Jumamosi mama akaenda msibani Buswelu. Nikachomoa nyaya, nikaifunga sipiyu kwenye shuka, nikapanda nayo bajaji mpaka Mirongo kwa Jitesh, yule Mhindi anayeuza kompyuta za mtumba. Nilikuwa na elfu sitini zangu. Nilitaka aichukue ile ya zamani, niongeze hela, anipe yoyote yenye kitufe kizima.

Nikamkuta anatafuna karanga.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Umeniletea maiti?"

Akafunua shuka. Alipoona kibandiko cha kwaya kule ubavuni akacheka.

"Hii naijua. Ya mama mmoja mrefu, mpole, anaandika mambo ya mazishi. Bado anayo?"

"Unamjulia wapi?"

"Aliileta mwaka juzi, akasema kijana wake anayeiwasha amebaki kijijini msibani. Nikafungua, nikamwambia mama, mashine nzima hii, swichi tu. Elfu nne, dakika kumi. Akafikiriaaa, akasema iache. Nikasema haya, lete tatu. Akasema siyo hela, baba. Akaibeba akaenda." Akatema ganda la karanga. "Huu mwaka wa ishirini na tano niko duka hili. Mteja wa kukataa kupunguziwa ni huyo mmoja."

Mwaka juzi. Zile siku tatu nilizokuwa Rorya.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Jitesh akanisukumia karanga, sikuchukua. Nilikuwa naiona ile chai ya Nyakato, naona kivuko kinaondoka na mimi niko nchi kavu nimeshika simu. Baadaye nikanunua swichi, nikaiweka mfukoni, nikaifunga tena maiti yangu kwenye shuka.

Mama alirudi saa kumi. Akavua viatu, akavuta ungo, akaanza kuchambua mchele. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka haya tu.

"Mama, swichi ni elfu nne."

Hakuinua macho. "Jitesh bado anauza elfu nne? Na vitu vyote vilivyopanda."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Miaka miwili, mama."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akaliweka pembeni. "Ooko nilimpa nauli mwenyewe. Elfu kumi na mbili, nikamfungia na chapati sita."

Ooko ni kaka yangu. Alikwenda machimboni Geita nikiwa darasa la sita. Mwanzo alikuwa anapiga kila Jumapili. Huu mwaka wa saba, na namba yake ukipiga anapokea mwanamke wa Kigoma tusiyemjua.

"Maisha yangu yote," mama akasema, "hela ninayoijutia ni ile elfu kumi na mbili. Hii elfu nne niliyokataa kuitoa sijaijutia hata siku moja."

"Mimi siyo Ooko."

"Hata yeye alikuwa siyo mtu wa kupotea."

Nikachukua bisibisi, nikafungua skrubu mbili, nikatoa kitufe cha zamani, nikaweka kipya. Kweli dakika kumi. Favour akaja, akabonyeza kwa kidole kimoja, ikawaka. Akazima, akawasha tena, anacheka. Mama aliangalia ile taa ya kijani, halafu akarudi kwenye ungo wake.

"Masele anaondoka Jumatatu," nikasema.

"Nauli sikupi."

"Hachukui nauli."

"Wala chapati sipiki."

Na kweli hakupika. Jumatatu alfajiri nilipita sebuleni na begi. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa, na taa inawaka kwa chini. Nikasema, "Mama, naenda." Kitanda kililia, lakini mlango haukufunguka.

Tulitoka Mwaloni na magunia mpaka juu. Saa moja na nusu tuko Mkolani, redio ya gari ikasema kwetu Ilemela umeme ulikatika saa kumi na mbili na sasa umerudi. Nikaitoa simu, nikaishika mkononi. Haikuita. Tukapita kituo kimoja, cha pili. Masele akanitazama kwa jicho la pembeni, akapunguza mwendo.

"Unashuka?"

Nikapiga mwenyewe.

"Mama, umeme umerudi?"

"Umerudi."

"Imewaka?"

"Imewaka. Favour amewasha." Nikasikia printa inavuta karatasi. Hakukata, na mimi sikukata. Halafu akauliza, "Umekula?"

"Nimekula," nikasema.

Nilikuwa sijala. Masele akakanyaga mafuta.