Hakuna Aliyenitupia

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na mimi nilikuwa nauza mitumba sokoni Sumbawanga. Marobota yalifika kutoka Tunduma, nasi tuliozoea foleni za duka la ushirika tukajikuta tunachagua makoti ya watu tusiowajua. Siku moja nilijaribu koti la sufu. Nilipofunga kola, nikagusa kitu shingoni, kigumu kidogo, kama harage lililolowekwa. Hakikuuma. Nikaliuza lile koti, nikasahau.

Kufika kipupwe, uvimbe ulikuwa shingoni, kwapani, na mitoki kinenani. Ngozi iliniwasha mwili mzima. Kila alasiri homa ilipanda, na mimi nilikaa uani kwa baba nikiwa nimejifunika mablanketi mawili, jasho likinitiririka huku upepo wa Ufipa ukipuliza baridi. Watu waliopita njiani niliwaona kama wanaelea. Wengine walinisalimia, na hadi leo sijui ni akina nani waliokuwapo kweli.

Enzi hizo mwanamke akikonda, mtaa mzima ulishampimia ugonjwa kabla ya hospitali. Nilipimwa UKIMWI, sikuwa nao. Nikaanzishiwa dawa za kifua kikuu, nikazimeza miezi kadhaa, uvimbe ukaendelea kukua. Ndipo maneno yakamgeukia shangazi.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba, mjane, akiishi Matai. Alikuwa ametutembelea siku chache kabla ya uvimbe wa kwanza, na majirani wakaanza kuhesabu siku, wakinong'ona kwamba amenitupia uchawi. Baba yangu alikuwa katekista, mtu wa kuwasomea wengine Neno, lakini woga haukumwacha. Shangazi aliposikia naumwa akaja kuniona. Baba akamkuta mlangoni mwa ua.

"Usiingie," akamwambia. "Mwache mwanangu."

Niliisikia sauti yake nikiwa chini ya mablanketi, nikadhani ni homa inayosema. Nilipofumbua macho niliona mgongo wa shangazi ukipotea kwenye ukungu. Sikuwa na nguvu ya kumwita.

Mbeya ndiko walikonikata tezi moja ya shingoni wakaipeleka kupimwa. Majibu yalikuja baada ya majuma mengi: saratani ya tezi. Nikaandikiwa rufaa ya Dar es Salaam. Baba, ambaye hakuwahi kuvuka Mbeya, akasema atanisindikiza.

Tulipanda treni. Asubuhi ya pili nilifumbua macho nikaona twiga dirishani, wengi, wakitutazama kwa utulivu.

"Baba," nikanong'ona, "homa imerudi. Naona twiga."

"Hata mimi nawaona, mwanangu," akasema. Akanishika mkono, tukawatazama mpaka miti ikawafunika.

Dar es Salaam, daktari wetu alikuwa mwanamke kijana. Alimwamkia baba shikamoo, akavuta kiti karibu, akaeleza polepole. Katika damu zimo chembe nyeupe zinazotulinda na maradhi. Ziko za aina mbalimbali. Mojawapo huitwa T, nazo hukomaa kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, kisha husambaa mwilini. Kwangu, chembe moja iliyokwisha kukomaa iliharibika, ikaanza kuzaana bila kukoma na kuzivimbisha tezi. Saratani nyingi za tezi hutokana na aina nyingine, akasema. Hii yangu ni adimu, tena ni kali.

Baba alikuwa amekunja kofia yake magotini. "Sasa, daktari, nani kamtupia?"

"Hakuna, mzee."

"Hata kwa chakula? Hata mtu akiwa na kinyongo?"

"Hata hivyo. Imeanza ndani ya mwili wake mwenyewe. Kwa nini kwake, hatujui. Lakini hakuna aliyemletea."

Baba aliinama. Nikamsikia akiyarudia maneno yale kwa Kifipa, taratibu, kama mtoto anayejifunza sala.

Nilitibiwa kwa mizunguko sita, kila baada ya majuma matatu. Dawa moja ilikuwa nyekundu kama sharubati, ikaugeuza hata mkojo wangu kuwa mwekundu, nikalia hadi nesi aliponiambia ndivyo inavyokuwa. Nywele zilibaki kwenye mto. Kinywa kilijaa vidonda. Kati ya dripu na dripu nilisinzia, nikajiona natembea kwenye mashamba ya ulezi yasiyo na mwisho, peku, sichoki. Lakini baada ya mzunguko wa pili nilipapasa shingo, nikakuta ngozi tupu.

Mwishoni daktari hakunificha. "Aina hii hupenda kurudi. Usikose kuja kuangaliwa."

Tuliporudi Sumbawanga, baba hakukaa hata juma. "Twende Matai," akasema.

Tulimkuta shangazi anapepeta ulezi. Baba akasimama pembeni mwa uwanja, hakusogea.

"Daktari amesema hakuna aliyemtupia," akasema. "Nimekukosea, mdogo wangu."

Shangazi hakuacha kupepeta. "Kaka, ulihitaji daktari wa Dar es Salaam akwambie hivyo kuhusu mimi?"

Baba akavua kofia.

Shangazi akaweka ungo chini, akaja akanivua kitambaa, akapitisha kiganja juu ya kichwa changu, ambapo nywele zilikuwa zimeanza kuota laini kama za kichanga. Akacheka kidogo, machozi yakamtoka. Akaniingiza ndani. Baba alibaki amesimama kwenye jua kwa muda mrefu. Nilimwona kupitia mlangoni, makapi ya ulezi yakiruka kumzunguka. Mwishowe shangazi akachukua kigoda, akatoka nacho, akakiweka mbele yake.

Baba akaketi.

Ugonjwa haujarudi mpaka leo, na bado naenda kuangaliwa. Wao wawili walichukua muda zaidi kupona kuliko mimi.