Dobi Aliyetaka Kuona Moto

Zamani hizo, wakati chakula hakikuona haya kuivishwa mbele za watu, palikuwa na mhudumu mmoja wa hoteli aliyeitwa Kibiriti. Mama yake alimpa jina jingine, lakini ukimwita kwa hilo hata mwenyewe alikuwa anageuka nyuma kutazama nani anaitwa. Kazi yake ilikuwa kusukuma kitoroli chenye jiko dogo mpaka ubavuni mwa mgeni, na hapo hapo, mgeni ameshafunga kitambaa kifuani, akate bata, achanganye saladi kwenye bakuli la mbao lililopakwa kitunguu saumu, au azikunje chapati nyembamba za maji ndani ya mchuzi wa machungwa, azimwagie brandi kidogo, ile pombe kali ishikayo moto, ainamishe kikaango, na moto upande.

Na ulipanda kweli! Siku moja ulipanda ukaisalimia taa ya darini, ndipo ukashuka. Siku nyingine ulimnyoa nyusi bwana mmoja mnene aliyeinama kunusa, na bwana yule badala ya kukasirika akaagiza sahani ya pili. Labda alitaka na masharubu yaende. Bata naye alikatwa upesi hivi kwamba paja lilishafika kwenye sahani kabla bata hajajua kuwa ameiva.

Anayebisha amuulize mke wa Kibiriti. Ila mkewe naye hakuwahi kuona, na hapo ndipo palipouma.

Mkewe alikuwa dobi wa hoteli ile ile, chini kabisa, kwenye chumba cha mvuke chenye dirisha moja lililotazama matairi ya magari. Miaka ishirini na sita alifua vitambaa vya meza. Mambo ya ukumbini aliyajua kwa madoa. Doa la kahawia linalonata, hizo ni chapati za machungwa. Mafuta yenye punje za haradali, hiyo ni saladi. Vitobo vidogo vilivyoungua kingo, huyo ni mume wangu. Alivishona kwa uzi mweupe, kimoja kimoja, huku akimsema. Kupanda ukumbini dobi hakuruhusiwa, na siku zikapita hivyo, mmoja juu anawasha, mmoja chini anashona.

Wakastaafu, wajukuu wakaja, na mwaka huu daktari wa macho akamwambia bibi huyo kwamba ana presha ya macho. Uoni wake ulikuwa unaliwa kutoka pembeni, pole pole, mpaka alikuwa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Dawa zingechelewesha. Kurudisha kilichokwenda, hapana.

Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa.

"Baba watoto, nataka kuuona ule moto wako kabla sijazimikiwa."

"Nakuwashia hapa jikoni sasa hivi."

"Jikoni kwangu? Uipake dari yangu masizi? Thubutu! Nataka ukumbini. Nikae kwenye kiti niletewe, kama mke wa balozi."

"Mke wa balozi hapandishi miguu juu ya kiti."

"Nitaishusha. We tafuta tu."

Kibiriti akaanzia pale alipopajua. Ukumbi wa hoteli yao ulikuwepo bado, zulia jipya, taa mpya, na msimamizi mpya aliyemsikiliza kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee. Mambo hayo hatuna tena. Siku hizi sahani inatoka jikoni imeshapangwa. Mgeni anapiga picha, anakula, anaondoka."

Kitoroli chake kilikuwa kwenye kona, kimebebeshwa chungu cha maua. Kibiriti aligusa mpini, pale rangi ilipolika kwa kiganja chake mwenyewe, kisha akauondoa mkono haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Akasikia kuna mkahawa umeandika mlangoni "Tunapika Mbele Yako". Akamchukua mkewe, wamevaa, wamenukia. Walichopikiwa mbele yao ni keki iliyochomekwa fimbo ya cheche, zile za sherehe za watoto, na wahudumu wanne wakipiga makofi.

"Hii ndiyo iliyonitobolea vitambaa miaka yote hiyo?" dobi akauliza.

"Hapana."

"Basi waambie waache makofi, wananitia wasiwasi."

 Siku ya nne Kibiriti akaamka na akili. Kitoroli cha ukumbini kina gonjwa moja, magurudumu. Kikibeba jiko, chupa na bata kila siku, gurudumu la mbele lazima life kabla ya mwaka kwisha. Sasa, chungu cha maua hakiui gurudumu. Kwa hiyo asiulize tena wenye mikahawa, awaulize mafundi. Akazunguka kwa mafundi wa baiskeli na wa kuchomelea vyuma, na kwa kila mmoja swali ni lile lile, nani anabadilisha magurudumu ya kitoroli, mpaka fundi mmoja, amelala chini ya baiskeli, akajibu bila kutoka.

"Kigurudumu kidogo cha mpira? Nimekibadilisha juzi. Kwa yule mama wa mkahawa nyuma ya posta. Mara ya tatu mwaka huu."

"Mara ya tatu!" Kibiriti akataka kumbusu, lakini kilichokuwa karibu ni miguu.

Mkahawa wenyewe ulikuwa na meza saba. Mchana ule Kibiriti na mkewe walikaribishwa na mwenye mkahawa mwenyewe, mama wa makamo mwenye aproni iliyopigwa pasi. Kitoroli kikaja kinalia kii, kii, na Kibiriti akamsikia bata aliyemkata mwaka gani sijui, na wageni gani sijui, wote kwenye mlio ule. Mama yule alikisimamisha kushoto mwa mgeni, nusu hatua nyuma, kama inavyotakiwa. Akayeyusha sukari, akakamua chungwa, akakunja chapati. Kibiriti alikuwa amekodoa macho kwenye kifundo cha mkono wake, anamhimiza kimoyomoyo: bado, bado, inamisha, sasa!

Moto ukapanda, ukacheza, ukaisha. Kwa kuhesabu, mpaka sita hivi. Kibiriti akamgeukia mkewe.

Mkewe alikuwa ametazama mbele, kwenye chupa ya chumvi, anangoja.

"Anawasha saa ngapi huyu?"

"Umepita, mama."

"Umepita wapi?"

"Hapo kushoto kwako."

"Kushoto kwangu hakuna kitu tangu mwezi wa tatu, si unajua! Nimesikia joto sikioni nikadhani ni hasira zangu."

 Kibiriti, yeye aliyekuwa anajua mgeni anataka maji kabla koo la mgeni halijajua, amemsahau mkewe macho.

"Naweza kurudia," mwenye mkahawa akasema. "Ila kitoroli hukaa kushoto, mzee. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha watu hivyo. Kuna mmoja nilimtoa ukumbini siku nzima kwa kukiweka mbele." Akasimama, akamgeukia mkewe. "Mama, shika glasi yako."

Akaivuta meza, na visu na vijiko vyake, kreki kreki, hadi ukutani. Wageni wakageuka. Akakisukuma kitoroli mpaka magurudumu yakagusa viatu vya mkewe, kama muuza karanga aliyepata mteja mmoja tu.

"Unaona nini?"

"Kifungo cha aproni."

"Shusha macho."

"Kikaango."

"Usitoke hapo." Akaenda nyuma ya kiti, akaushika mtandio wa mkewe kwa mikono miwili usije ukashika moto.

Mwenye mkahawa akainamisha, moto ukapanda.  Mdomo wa dobi ulifunguka ukabaki hivyo hata moto ulipokwisha.

"Tena," akasema.

Mwenye mkahawa akaitazama chupa yake, akacheka, akawasha tena.

Meza iliporudishwa, Kibiriti alikuwa bado amesimama, kitambaa mkononi, anapangusa tone kwenye ukingo wa sahani ya mkewe.

"Ile rangi ya chini," mkewe akasema, "ulikuwa unaionaje?"

"Rangi gani?"

"Ya chini kabisa, kabla haujawa wa njano."

Kibiriti akafikiri. Miaka thelathini na moja alitazama mikono ya mashati ya wageni isishike moto, ncha za tai, nywele za mabibi, kifundo cha mkono wake. Moto wenyewe, la.

"Sikuwahi kuutazama."

"Wewe mwanaume wewe! Kaa chini. Kaa, chapati zinapoa, nikusimulie."

Akakaa. Mkewe akamwambia chini ulikuwa wa buluu, hautulii, na katikati palikuwa pamekaa kama hapana kitu, mpaka vifungo vya aproni vya yule mama vikaonekana ng'ambo ya moto vinaogelea. Kibiriti, uma mkononi, akamsogelea.

"Halafu?"