Mama Aliyealika Ng'ombe Kwenye Kiwanja cha Gofu

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi mjini Singida, upande mmoja wa kidevu umeshanyolewa na mwingine bado. Aliyenipigia simu ni mjumbe wa kamati ya klabu yetu ya gofu. Hakuanza na pole wala salamu. Alisema, "Yule mama ametutoka, na nyasi zimeshaanza kurefuka." Sikumshangaa. Klabu yetu haijui kuhuzunika bila kulalamika, na marehemu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa kiwanja chetu, alitujua hivyo hivyo na hakuwahi kuona aibu kutuambia.

Nyinyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba nacheza gofu vibaya, basi mtaniamini nikisema kwamba yeye hakucheza kabisa. Mchezo wenyewe aliuona ni kazi ya watu wazima kwenda kutafuta kitu walichokitupa wenyewe. Alikuwa afisa mifugo mstaafu. Ujana wake wote aliumalizia Sepuka na Ilongero akiwabembeleza wafugaji wapande malisho, na alipostaafu tukampa kazi ya kufukuza mifugo kwenye nyasi. "Serikali ilinilipa niwalishe, nyinyi mnanilipa niwanyime," aliniambia siku moja huku akicheka mpaka akashika mbavu. "Mungu naye ana utani wake." Alikuwa na sauti kubwa, hasira za karibu, na mazoea ya kumwita kila mchezaji "wewe mwenye kofia", hata asiyevaa.

Mwaka ninaotaka kuwasimulia, mvua zilikuwa nzuri kupita kiasi. Mashindano ya mkoa yalikuwa Jumamosi, wageni wanatoka Dodoma na Arusha, mgeni rasmi ameshathibitisha, na mashine ya kukatia nyasi ikafa. Fundi aliifungua, akaifunga, akabaki na nati mkononi asijue ilitoka wapi. Kifaa kilichohitajika kilikuwa Dar es Salaam. Vibarua wa kufyeka hawakupatikana kwa sababu kila mwenye mikono alikuwa shambani kwake akivuna uwele. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Ungeweza kupoteza mpira, na baadaye kidogo ukampoteza aliyekwenda kuutafuta.

Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaamua kukaa tena. Mama yule akatoka na kuvuka barabara kwenda kwa mzee mfugaji ambaye klabu ilikuwa imegombana naye tangu siku ya kwanza. Kila kiangazi tulikuta waya wa uzio umekatwa na ng'ombe wake wamelala kwenye kiwanja. Nilimsindikiza, zaidi kwa umbea kuliko kwa ujasiri.

"Shikamoo, baba," alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Mmechoka kunifukuza kwenu, sasa mmenifuata kwangu?"

"Nimekuja kukualika. Wewe na ng'ombe wako."

Mzee alinitazama mimi, kana kwamba ndimi ninayemuuguza mgonjwa huyu. Kisha akauliza, "Na baada ya sherehe yenu?"

Hapo ndipo mama yule alipotoa ahadi ambayo hakutumwa na mtu. Kila mwaka mvua zikiisha, wakati mashamba yote bado yana alizeti na uwele na ng'ombe hawana pa kupita, watakula kwetu hadi siku za mashindano zifike. Yeye mzee, kwa upande wake, atalinda kiwanja miezi iliyobaki, dhidi ya ng'ombe wote, hata wa kwake.

"Na mbuzi?"

"Mbuzi wabaki nyumbani."

"Mbuzi hawapendi kubaki," mzee alisema, na hilo tungelisikiliza vizuri lingetusaidia.

Kesho yake kundi likaingia. Kila duara la nyasi laini lenye shimo mama alikuwa amelizungushia matawi ya miiba, na ng'ombe wakafanya kazi safi kuliko mashine. Mbuzi walikuja bila mwaliko, wakala bendera za mashimo. Mwenyekiti wetu, mtu wa suti hata kwenye vumbi, alifika akipiga kelele. "Mama, hiki ni kiwanja cha gofu au zizi?"

"Leo zizi. Jumamosi kiwanja."

Lakini Ijumaa asubuhi nilimkuta ameketi chini, kanga imelowa umande, anatazama duara la shimo la mwisho. Dume moja lilikuwa limevunja miiba na kulala pale, likaacha bonde la umbo lake. "Safari hii nimeharibu kweli," alisema, na machozi yakamtoka. Kisha akafuta uso, akaitisha udongo na majani ya kupandikiza, akashindilia mpaka jioni. Bonde halikuisha.

Jumamosi alisimama mbele ya wageni, akatangaza kwamba mpira ukitua kwenye kinyesi utasogezwa bila adhabu, ila atakayeuokota ni mwenye mpira, siyo mbeba fimbo wake. Sijaona vigogo wakilenga kwa uangalifu kama siku ile. Mgeni rasmi alipofika shimo la mwisho alipiga mpira ovyo, ukaenda pembeni, ukaingia kwenye bonde la dume, ukazunguka, ukatumbukia shimoni. Alishangilia kama mtoto, na katika hotuba yake akausifu utaalamu wa waliochonga kiwanja.

Jumatatu kamati ikamwita, ikamwamuru akafute ile ahadi. "Niliitoa kwa mdomo wangu," aliwajibu. "Kama mnataka ifutwe, mzee anakaa ng'ambo ya barabara. Nendeni." Hakuna aliyekwenda, na ahadi ikabaki. Tangu hapo uzio wetu haujakatwa tena, na naye akadumu kazini mpaka maradhi ya sukari yalipomlaza.

Tumemzika Sepuka. Mwenyekiti alieleza kaburini jinsi kamati ilivyobuni mpango wa ng'ombe, na mzee mfugaji, aliyekuwa karibu nami, akaniuliza kwa sauti iliyofika mbali, "Huyu naye ni nani?" Watu walicheka msibani, na nadhani ndiyo heshima aliyostahili marehemu. Sisi tulikuwa na kamati, vikao na mihuri, lakini kwa miaka yote ile kabla yake hakuna aliyekuwa amevuka barabara. Tuliona ng'ombe na waya uliokatwa, hatukumwona mtu mwenye shida ya malisho. Kwa hiyo nawe ukikabidhiwa mahali pa kutunza, iwe kiwanja, shule au ofisi ya kijiji, anza kwa kwenda kuwaamkia majirani. Uzio, utajua baadaye kama unauhitaji.