Ungo wa Raheli

Raheli, msusi wa nyungo wa Iramba aliyeishia darasa la nne, Mwalimu Abraham anamheshimu kuliko profesa yeyote.

Siku moja mwalimu aliazima ungo wake wenye mistari mitano myekundu, kutoka kitovuni hadi ukingoni, afundishie pembe za duara. Kati ya mstari na mstari palikuwa na digrii sabini na mbili. Wanafunzi wakabisha: duara likipungua, pembe nayo itapungua!

Raheli, aliyekuja kuchunga ungo wake, akawaka. Akaanza kuufumua kuanzia ukingoni, ungo aliousuka kwa siku tisa.

"Mama, tafadhali, acha!" mwalimu akamsihi.

"We pima!"

Sabini na mbili. Akafumua tena. Sabini na mbili. Kikabaki kitovu, kidogo kama kisoda. Mwalimu akapima, machozi yakimlengalenga. Ileile.

Raheli akazoa nyasi zake. "Wakisahau, niite. Nitakuwa nimesuka mwingine."