Mstari wa Mikono

Jumapili iliyopita, hapa Maili Moja, mzee wa kanisa alitangaza baada ya sadaka kwamba kuanzia sasa hatutatoka tena kwa mstari wa kupeana mikono. Ibada ya pili inaanza mapema, alisema, magari yanabanana getini, na watu wana haraka zao. Tutoke kwa milango yote, kila mtu kwa mlango ulio karibu naye. Hakuna aliyenung'unika. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, nikajikuta juani nyuma ya vyoo, sijasalimiana na mtu hata mmoja. Nikapanda bodaboda hadi dukani kwangu, maana ninauza vifaa vya umeme na Jumapili mchana wateja hawakosi. Niliuza nyaya na balbu kama kawaida, lakini siku nzima, rafiki yangu, mawazo yangu yalikuwa Kisarawe.

Nililelewa huko na bibi, mama mzaa baba, kwenye kijiji cha vilima ambako wengi wa majirani zetu walikuwa Waislamu na sisi Walutheri tulikuwa wachache tu, tunajuana hadi kwa vikohozi. Jumapili ilianza Jumamosi. Mimi nilichota maji, nikachambua kisamvu, nikakaa juu ya mbuzi kukuna nazi huku nikiiba vipande. Bibi alitia makaa kwenye pasi akanyoosha gauni langu la pekee la kanisani, na kila mara lilinuka moshi. Asubuhi yake tulisikia rimu ya gari ikigongwa kwa nondo. Ndiyo iliyokuwa kengele yetu, na ilisikika mpaka bondeni.

Kanisa lilikuwa la udongo, limeezekwa bati. Mchungaji alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, hivyo tulimwona mara chache kwa mwaka, akija na Meza ya Bwana. Siku nyingine zote tulikuwa na mwinjilisti, mtu mrefu, mwembamba, aliyekuja kwa baiskeli kutoka kijiji cha pili, suruali ameifunga kamba kwenye kifundo isiliwe na mnyororo. Hakuwa na sauti nzuri ya kuimba na alijua. Alianzisha pambio kisha akanyamaza, akatuachia wenyewe.

Ibada ilipoisha tulitoka tukiimba. Mwinjilisti alitangulia akasimama nje ya mlango. Aliyemfuata alimpa mkono, akasimama kando yake. Wa tatu akawapa mkono hao wawili, naye akajipanga. Hivyo hivyo mpaka mtu wa mwisho, na ukifika hapo kila mkono umeshika kila mkono. Wakulima walikuwa na viganja kama maganda ya fenesi. Mama mmoja alikuwa akinuka karafuu. Sisi watoto tulishindana nani atabana mkono wa mwenzake mpaka alie. Ilikuwa namna yetu ya kutoka kanisani na sikudhani kwamba kuna namna nyingine.

Sasa nikueleze kuhusu mikorosho. Babu alipofariki alimwachia bibi shamba la mikorosho aliyoipanda mwenyewe alipokuwa kijana. Msimu wa korosho tulikula mabibo mpaka midomo ikakakamaa, na utomvu ukatuachia madoa kwenye nguo ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Tulikaanga korosho kwenye debe lililotobolewa, tukikwepa mafuta yake yanayorukaruka na kuunguza vidole. Ada, sukari, viatu, vyote vilitoka kwenye miti ile. Zaidi ya hayo, jioni bibi alikuwa na tabia ya kupita shambani peke yake akiigusa miti, na mimi nilijua hapo hataki kampuni yangu.

Kwetu, ukitaka kuchoma shamba kabla ya mvua za vuli, unawaambia majirani. Mnafyeka ukingo pamoja, mnasubiri upepo utulie, watu wanasimama na matawi mabichi. Mwaka ule jirani yetu wa upande wa chini, ambaye alikuwa kanisani kwetu na ndiye aliyegonga ile rimu, alichoma peke yake. Nadhani aliona shamba lake ni dogo, litaisha kabla upepo haujaamka. Moto ukapanda kilima. Tulipofika na ndoo, mikorosho ilikuwa imeshika, na maua yake yalikuwa ndiyo kwanza yamechanua. Bibi alisimama akatazama. Hakulia wala hakupiga yowe. Alivua kanga ya mabegani, akaiweka chini, akaikalia.

Jirani alisema moto ni wa wachoma mkaa. Kijiji kizima kilijua hapakuwa na mchoma mkaa yeyote upande ule, lakini alilisema hilo kwa mwenyekiti, akalisema kwa wazee wa kanisa, na akiisha kulisema mara nyingi namna ile hakuweza tena kulirudisha.

Jumapili iliyofuata ndipo nilipoanza kufutwa pua. Tulitoka kwa mstari kama kawaida, bibi akiwa amejipanga na mimi kando yake. Jirani alipokaribia akitoa mkono, bibi aliinama ghafla, akachomoa kitambaa, akanifuta pua. Pua ilikuwa kavu kabisa. Akanifuta mpaka jirani alipokwisha kupita. Ikawa hivyo kila Jumapili, na mimi pua yangu ikawa nyekundu kwa ajili ya mambo ya watu wazima. Kanisa zima liliona, na hakuna aliyemlaumu. Wengi walisema wangekuwa wao wangefanya makubwa kuliko hayo.

Mwinjilisti alikuwa akila kwetu kila Jumapili. Bibi ndiye aliyemlisha, kwa kuwa kijiji chake kilikuwa mbali, na kanisa halikuwa na cha kumpa. Siku moja alikuja, akanawa, akaketi kwenye mkeka. Kulikuwa na kuku, jambo la nadra. Kabla hajagusa chakula alisema mchungaji anakuja mwezi ujao na Meza ya Bwana, na kwamba asingependa bibi aende pale mbele huku mkono wake umemnyima mtu.

Bibi alikuwa akipakua. Hakusimamisha mwiko.

"Amekuja kuniomba radhi?"

"Hajaja, Mama."

"Basi maneno hayo mpelekee yeye."

"Yake nimeshampelekea. Haya niliyoleta ni ya kwako." Akaitazama sahani. "Ningekuwa na habari nyingine ningekuletea hiyo, Mama, hasa leo kuna kuku. Lakini niliyotumwa nayo ndiyo hii tu."

Bibi alimwekea chakula chake, na kipande kizuri, maana hakuwa mtu wa kumnyima mgeni. Kisha akatoka akaenda kukaa jikoni mpaka mgeni alipokwisha kuondoka. Jumapili iliyofuata hakumkaribisha. Nikamwona mwinjilisti akiifunga ile kamba kwenye kifundo, akipanda baiskeli na njaa yake. Aliendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Alipokutana na bibi alimwamkia kwa heshima ile ile, hakuongeza neno wala hakupunguza. Wazee wa kanisa walimshauri amwache mama wa watu, kwani yeye ndiye aliyeonewa, na kanisa dogo namna ile halina ubavu wa kumpoteza. Aliwasikiliza. Hakuenda kwa bibi kuyarudisha maneno yake.

Kwa hasira bibi akanichukua, tukapanda lori mpaka Mlandizi na kutoka hapo tukafika Kongowe ya Kibaha, kwa shangazi. Shangazi alikuwa amepata kanisa jipya, kwenye hema kubwa kando ya barabara ya Morogoro, na alikuwa akimsihi bibi siku nyingi aje aone mambo. Nikwambie ukweli, mimi nililipenda hema lile. Kulikuwa na spika ndefu kunizidi, jenereta inayonguruma, kinanda, watu wanaruka, na soda ukitoka. Mhubiri alikuwa na suti inayong'aa. Alisema kila mtu ana adui aliyemchomea baraka zake. Nilimwona bibi akishtuka kama aliyeitwa jina. Mhubiri akasema adui huyo yuko chini ya miguu yako sasa hivi, mkanyage. Watu wote wakakanyaga. Bibi yangu, ambaye kanisani kwetu hata kupiga makofi aliona ni kuzidisha, alikanyaga mpaka kanga ikamdondoka na vumbi likatufunika. Alikuwa akilia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliyoililia ile mikorosho, na siwezi kusema kwamba hakuhitaji kulia.

Tulirudi Kisarawe siku iliyofuata. Njia ya kwetu inapita mbele ya nyumba ya jirani. Watoto wake walikuwa uani wakipepeta mpunga. Walipotuona wakasimama, kama walivyofundishwa, wakasema shikamoo bibi.

Bibi hakuitika. Alisimama pale njiani na mzigo kichwani, mdomo umefunguka kidogo, na marahaba haikutoka. Watoto wakarudia, wakidhani hakusikia. Akanishika mkono tukapita. Kwetu mtoto akikuamkia usipomwitikia umemfanyia jambo baya sana, na nilimwona bibi analijua. Tulipofika nyumbani aliutua mzigo, akakaa juu ya kinu.

"Jana nimemkanyaga baba yao," alisema. "Leo nitawaitikiaje?"

Usiku ule alikula kidogo. Wala hakunieleza alichokuwa akiwaza, na mimi nilikuwa na umri wa kujali zaidi kama tutarudi kwenye soda.

Mchungaji alikuja, na kanisa likajaa. Watu walipoitwa mbele kwenye Meza ya Bwana, bibi hakuinuka. Jirani naye hakuinuka. Walikaa kila mmoja kwenye benchi lake, yeye upande wa wanaume, bibi upande wetu, wakati wote wengine wakipita. Nilimvuta nguo nikimwonyesha kwamba zamu yetu imefika. Akaniambia nitulie. Macho ya bibi yalikuwa yamejaa, kwa kuwa Meza ile aliipenda kuliko kitu chochote, na hakujua kama ataiona tena kabla ya masika.

Tukatoka tukiimba. Bibi akajipanga. Nikainua uso wangu, tayari kufutwa. Jirani alikuja akiwa ameinamisha kichwa, ameshazoea, mkono wake ameutoa nusu tu, mkono wa mtu anayetimiza desturi. Bibi akaushika. Akaushika na hakuuachia, mpaka wimbo ukaanza kufifia kwa watu waliokuwa karibu, maana waliacha kuimba ili watazame.

"Mikorosho imeungua," bibi alimwambia. "Wewe sitaki uungue."

Yule mtu mzima, baba wa watoto, akainua kichwa. "Mama, ule moto ulikuwa wangu," alisema. "Niliuwasha mimi."

"Najua," bibi akajibu. "Pita sasa, watu wanasubiri."

Akapita. Mstari ukaendelea, na mwinjilisti pale mlangoni akaanzisha tena pambio kwa sauti yake mbaya, na safari hii hakunyamaza, akaimba mpaka mwisho. Mchungaji alipoelezwa, aliwarudisha wawili wale ndani wakati watu wengine wanakusanya viti, akawapa Meza pale pale. Nilichungulia mlangoni. Mchana ule tulikuwa tena na mgeni wetu wa baiskeli, na alikula kama mtu aliyekuwa amefunga.

Nilimuuliza bibi jioni kama sasa amemsamehe. Mimi nilitegemea aseme ndiyo. Alisema hajui bado. Mkono umetangulia, alisema, na moyo uko nyuma huko unakuja kwa mguu.

Leo ukienda kijijini kwetu utakuta kanisa la matofali na kengele ya kweli. Shamba letu limepimwa viwanja, na mahali palipokuwa na visiki vilivyoungua kuna nyumba ya mtu anayefanya kazi Dar. Mwinjilisti alizikwa kwenye kijiji chake, na jirani alifariki baada ya bibi. Sijui kama kuna mtoto yeyote leo anayejua ladha ya bibo lililochumwa likiwa na joto la jua. Hayo yanaondoka, na mtu unayazoea.

Lakini hili la mstari limeniuma. Kanisa letu hapa Maili Moja ni zuri, nisilisingizie. Mahubiri ni ya kweli, kwaya inaimba vizuri, maneno yanaonyeshwa ukutani kwa mwanga hata mwenye macho mabaya ayasome. Na kwenye benchi la tatu kutoka mbele hukaa mwanamke ambaye zamani tulifanya biashara pamoja, akanifanyia jambo ambalo sitalieleza hapa. Kila Jumapili nilikuwa namwona akija kwenye mstari, natamani ardhi ipasuke, na kila Jumapili nilimpa mkono kwa sababu alikuwa mbele yangu na watu wanasubiri. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nadhani wangu pia.

Jumapili hiyo iliyopita alitoka kwa mlango wake na mimi kwa wangu. Nilihisi wepesi, rafiki yangu, nilihisi raha kabisa, na raha hiyo ndiyo iliyonitisha. Siku hizi hakuna anayenilazimisha kumshika mkono mtu nisiyempenda. Na mimi, bila kulazimishwa, siendi.