Tulipogawa Mpira kwa Kiswahili

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Ibra huku Oman, uwanja wa mpira haukuwa na majani. Ulikuwa wadi, mto mkavu wa mawe. Mvua ikinyesha milimani uwanja unachukuliwa na maji, na maji yakikauka tunarudi kuokota mawe upya: makubwa tunayafanya magoli, madogo tunayaacha kwa sababu hayaishi. Siku hizi nawasikia vijana wakilalamika kwamba majani ya plastiki yanawaunguza nyayo. Nyayo! Sie tulirudi nyumbani magoti yamechunika, Mama akitupaka manjano huku akisema, "Mpira haukufuateni, nyinyi ndio mnaoufuata." Alisema hivyo wiki baada ya wiki, mpaka akianza tu, sie tunamalizia. Kisha tunapewa boflo na chai ya maziwa, na kesho yake alasiri tuko kule kule wadini.

Nataka kuzungumza habari ya mgawaji. Mfungaji simsemi, mfungaji kila mtu anamjua, ndiye anayebebwa mabegani. Mgawaji ni yule wa katikati, anayepokea mpira kutoka nyuma na kuamua nani apate. Watangazaji wa televisheni wanamwita kiungo mchezeshaji. Sie jina letu tulilitoa kwenye sinia: wali ukishatuliwa, mtu mmoja ndiye anayegawa nyama, wengine mikono inangoja. Mimi nilikuwa mgawaji wa mtaa wetu, na kwa makelele yangu wenzangu wakaniita Redio.

Mtu hawi mgawaji kwa kupenda tu. Anafanywa na mahali. Tazameni Nizwa ya zamani, watoto wakicheza vichochoroni baina ya kuta za udongo. Mgawaji wa Nizwa aligongeana na ukuta kama anavyogongeana na mwenzake, na ukimfungia njia anapita pembeni mwako, mpira umeupiga ukuta na kumrudia. Sur walicheza pwani maji yakitoka, mchanga umeshikana, tambarare, mpira unateleza bila kuruka. Mtoto wa Sur hakuwa na haja ya kuutazama mpira. Alijua uko mguuni, akainua kichwa akaangalia watu. Sie wa Ibra tulikuwa na mawe. Mpira ukigonga jiwe unakwenda unakotaka wenyewe, na ukiinua macho tu umeshakupotea. Basi mgawaji wa Ibra macho yake yalikuwa chini, na alicheza kwa masikio na mdomo.

Hapo ndipo Kiswahili kilipopata kazi. Wazee wetu walirudi Oman kutoka Unguja na Pemba, na lugha ikabaki majumbani, jikoni na barazani. Skuli tulikuwa tukichekwa, tukisema neno moja la Kiswahili darasa zima linaangua kicheko. Lakini wadini, yakhe, tulikuwa mabwana. Wenzangu wakiita, "Leta!" "Kulia!" "Kushoto!" "Juu!" na mtu akinijia mgongoni wananipigia ukelele, "Mtu nyuma!" Mimi nami naitangaza pasi kabla sijaipiga, ili winga aanze kukimbia. Timu za Samad, za Mudhaibi, zote zilisimama zikitutazama midomo. Hawakufahamu hata herufi. Ami Khalfan, mdogo wake baba, aliyekuwa akitufundisha mpira kanzu yake ameikunja mpaka magotini na filimbi shingoni, alikuwa na msemo wake: "Kiarabu cha skuli, Kiswahili cha mpira. Atakayechanganya anakaa benchi." Na benchi lenyewe lilikuwa jiwe.

Winga wetu wa kulia, Zahran, hakuwa wa kwetu. Alikuwa mtoto wa Ibra hasa, kwao hakuna aliyewahi kuvuka bahari. Tukamfundisha maneno ya mpira tu, hayo niliyoyataja, na shikamoo ya kuamkia wazee, akaamini amekwishajua Kiswahili. Siku moja ya joto kali akagonga mlango wetu, akafunguliwa na Bibi. Zahran akainama kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo, Bibi." Bibi akafurahi, akaitikia marahaba. Zahran akaendelea, "Leta!" Alikuwa na kiu masikini, anataka maji. Bibi akamtazama toka juu hadi chini. "Nilete nini? Na adabu yako umeiacha wapi?" Zahran akadhani hakusikika, akarudia kwa sauti ya uwanjani. Ilibidi mimi nitoke mbio jikoni kumwokoa.

Sasa, mwaka ule nilipokuwa darasa la tisa, zikaja habari kwamba inaundwa timu ya vijana ya mkoa wetu wa Sharqiya mzima. Watakaochaguliwa watapelekwa Maskati kufanya mazoezi, watavaa viatu vya mpira vya kweli na watacheza hata nje ya nchi. Ami Khalfan akarudi nyumbani na habari iliyoninyima usingizi: mchaguzi ameshapata wachezaji wote ila mgawaji. Nafasi ni moja. Atakwenda kututazama tukicheza na vijana wa Sur, huko huko kwao, kisha ataamua. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Baba, ambaye kwa kawaida neno lake lilikuwa "soma kwanza", aliweka chini kikombe cha kahawa akasema, "Ukichukuliwa, sitakuzuia." Kwa baba yangu mimi, hiyo ilikuwa sherehe.

Tulikwenda Sur kwa pikapu ya Ami, tumepangwa nyuma, upepo wa moto unatupiga usoni. Tukapita Bidiya na mchanga wake mwekundu, tukasimama Al Kamil kunywa chai, na njia nzima mimi nawakumbusha wenzangu: iteni kwa nguvu, iteni mapema. Tulipofika, harufu ya dagaa walioanikwa ilitupokea kabla ya watu. Uwanja ulikuwa pwani, umepigwa mstari kwa kisigino. Mchaguzi alikaa kwenye kiti cha plastiki, miwani myeusi, hacheki. Vijana wa Sur walikuwa miguu mitupu, wakavu, wametulia mno. Mgawaji wao aliitwa Mubarak, kijana mrefu wa makamo yangu, Kiarabu chake cha Kisuri kimekolea. Nikamwona, nikasema moyoni, huyu namuweza.

Filimbi ikalia. Nikapokea mpira wa kwanza, nikaita, "Kulia!" Zahran akatoka mbio, lakini beki wao alikuwa ameshafika pale anamngoja. Sawa, bahati. Nikaita, "Kushoto!" Na kushoto kuna mtu. Nikaita, "Juu!" na mabeki wote wakarudi nyuma kabla mpira haujaondoka mguuni mwangu. Khe! Nikazidi kupaza sauti, maana nilidhani kosa ni wenzangu kuchelewa kusikia. Kadiri nilivyopaza ndivyo walivyotupokonya. Wakafunga bao, wakafunga jingine. Mchaguzi akakunja nne upande wa pili.

Karibu na mapumziko Mubarak akanipokonya mpira, nikaanguka. Akanipa mkono kuniinua, na kwa Kiswahili safi cha mjini Unguja, safi kuliko changu, akaniambia, "Pole, yakhe. Kulia umeshapiga sana. Jaribu kushoto."

Nilikwenda kwenye mapumziko naburura miguu kama mgonjwa, nikamwambia Ami, "Wanafahamu. Wanafahamu kila neno." Ami Khalfan akajipiga kofi kipajini. "Loo! Hii si Sur hii! Majahazi ya Sur ndiyo yaliyowapeleka babu zetu Unguja, halafu sie tunakuja kuwafichia lugha!" Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Zahran akatoa shauri tuite kwa Kiarabu. Tukamzomea. Mwengine akasema tugeuze, kulia iwe kushoto na kushoto iwe kulia. Tukakubaliana, tukarudi uwanjani, na mara ya kwanza tu nusu ya timu ikasahau na Zahran akagongana vichwa na winga wetu wa kushoto. Vijana wa Sur walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi mwenyewe ningecheka, lau si kile kiti cha plastiki pale pembeni.

Ami akapiga kelele kutoka mstarini, "Nyamazeni! Nyote! Wewe Redio, funga mdomo, inua kichwa!"

Nikafunga. Sijui nieleze vipi namna ilivyokuwa. Nilikuwa sijawahi kucheza kimya maisha yangu yote. Nikiinua kichwa nahisi mpira utaniruka, wakati pale hapakuwa na jiwe hata moja. Miguu ilikuwa imezoea mawe, ikawa inayaogopa hata yasipokuwepo. Nilipoteza mipira mingi. Mwisho kabisa, mchezo umeshakwisha kwa kila hali, niliinua macho nikamwona Zahran anakimbia baina ya mabeki wawili, hakuna aliyemwita wala aliyemtangaza. Nikampenyezea. Akafunga. Lilikuwa bao letu pekee, na ni pasi tamu kuliko zote nilizowahi kupiga. Kisha filimbi ikalia.

Mchaguzi akamchukua Mubarak. Kisha mchaguzi mwenyewe akaja kwangu na adabu zake, akanishika bega. "Mguu unao," alisema kwa Kiarabu. "Lakini mgawaji anatazama. Wewe unasikiliza." Akaenda zake kwenye gari.

Bibi yake Mubarak alikataa katakata tuondoke na njaa. Akatuingiza uani, sinia mbili za wali na samaki wa kukaanga, pilipili ya kusaga na ndimu, na yeye amesimama juu yetu anasema, "Kuleni, wanangu, mbona watoto wa Ibra mmekonda hivi?" Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha Bibi yangu, mpaka namna ya kuvuta maneno. Wenzangu walikula wakasahau kama wamefungwa. Mubarak akanigawia kipande kikubwa cha samaki, tena kwa moyo mweupe. Sikuweza kukimeza. Nilikuwa namchukia na namwonea haya bibi yake kwa wakati mmoja.

Nililia kwenye pikapu kutoka Al Kamil mpaka Bidiya, uso nimeugeuzia barabara. Zahran alikaa kando yangu, akanishika mkono, akatafuta katika Kiswahili chake neno la kunifariji, asilipate. Nyumbani Baba alikuwa anakunywa kahawa. Aliniona tu, akanisogezea tende. Nikarudi kwenye vitabu, nikasoma, nikapata kazi ya serikali, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini nisiwadanganye: niliumia, na mpaka leo nikipita njia ile ya Sur kwa shughuli zangu, naumia kidogo.

Sasa nakaa Nizwa, na mwanangu Faisal anacheza mpira. Anacheza pale pale katikati. Majani ya plastiki ya Nizwa ni yale yale ya Ibra, na ya Ibra ni yale yale ya Sur. Ukiwavua jezi vijana hawa hutajua nani wa wapi. Wote wanainua vichwa, wote wanapiga pasi moja kwa namna moja, na mwalimu wao ana kompyuta inayomwambia nani amechoka. Enzi zetu Mama ndiye aliyejua nani amechoka. Wana chupa ya maji kila mtu na jina lake, na mvua ikidondoka matone mawili mazoezi yanafutwa. Uwanjani ni kimya. Ukifumba macho utadhani hakuna mchezo, viatu tu. Lakini niseme haki ya Mungu: Faisal ni mgawaji bora kuliko nilivyokuwa mimi. Anaona vitu ambavyo mimi niliambiwa.

Majira ya baridi yaliyopita alikwenda Sur, kwenye mchujo wa kuchagua timu ya vijana ya nchi nzima. Nilimpeleka mwenyewe. Nilijiahidi kunyamaza. Nikasimama kwenye uzio na wazazi wenzangu, chai ya karak mkononi, nimetulia. Kipindi cha pili akapokea mpira akiwa amewapa mgongo wapinzani, na mmoja akaja mbio nyuma yake. Ahadi ikanitoka akilini. "Mtu nyuma! Faisal, mtu nyuma!" nilipiga ukelele. Hakugeuka. Akapokonywa mpira. Nikaangalia huku na huku pale uzioni, nikitaraji atatokea mmoja wa kucheka, wa kunitania, wa kuniambia pole yakhe. Wazazi wa Sur walinitazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni, wakarudi kutazama mchezo.

Walimchagua. Mpira mmoja kupotea haukuwa kitu, alikuwa ameng'ara mchana kutwa. Nilimkumbatia nikalia mbele ya watu, na sikuona haya. Ile nafasi ilikuwa imeingia nyumbani kwetu hatimaye.

Tulipokuwa garini tunarudi, alikuwa anachezea simu yake. Kisha akasema, nusu Kiswahili na nusu Kiarabu, kwa upole, maana ni mtoto mwenye adabu: "Baba, usikasirike. Siku nyengine usinipigie kelele kwa Kiswahili. Hakuna anayefahamu."

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi kidogo kidogo. Pale sikufahamu ulisema nini."

Nikamwambia haya, sitarudia, nikaendelea kuendesha. Siku ile yangu ya Sur, ningetoa kila nilichokuwa nacho ili mtu aniambie kwamba hakuna anayefahamu.