Mama wa Heshima Tu

Viatu vyangu vya kwanza nilinunuliwa na mama, nilipoandikwa kazi ya udresa, ya kuosha na kufunga vidonda, katika hospitali moja ya Eldoret, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa kiatu. Tulitoka magharibi nikiwa mdogo, akawa kibarua kwenye shamba la mahindi la setla mmoja wa Kizungu huko Ziwa, nje ya Eldoret. Alilima peku katika ule udongo mwekundu mpaka mguu wake wa kushoto ukavimba, kutoka vidoleni hadi gotini. Matende. Watu walisema amekanyaga uchawi. Mimi nilikuwa nimesoma, sikuamini uchawi, lakini mguu wenyewe niliuonea haya kuliko hao walioamini.

Kazini hakuna aliyejua. Nilikuwa na maringo, wacha niseme ukweli. Viatu vyangu nilivipiga rangi kila asubuhi, na madresa wenzangu wakimcheka mgonjwa wa matende, nilicheka nao.

Kisha akaja daktari Mzungu aliyekuwa akichunguza ugonjwa huo. Alitueleza kwamba mbali na mishipa ya damu, mwilini kuna mishipa mingine myembamba sana ya kurudisha maji. Ikiziba, au isipomea vizuri, maji yanabaki mguuni. Ili aione, alidunga rangi ya bluu kati ya vidole vya mgonjwa, na watu walirudi kwao na nyayo za bluu. Dawa ya kuponya hakuwa nayo. Alikuwa na maji, sabuni, na bandeji ndefu ya kufunga mguu kila siku kuanzia vidoleni kwenda juu. Miguu ilipungua, niliiona mimi mwenyewe. Sharti lake lilikuwa moja: mgonjwa awe na mtu wake hapa mjini, na mtu huyo afundishwe kuosha na kufunga, kwa miezi mingi.

Asubuhi moja mama akaja. Habari za daktari alikuwa amezisikia shambani, na hakunitumia neno kwamba anakuja. Alipofika mbele ya foleni akivuta ule mguu, neno lilinitoka kabla sijafikiri. "Mama," nikasema.

Daktari akainua kichwa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha masetla. "Hii mama yako?"

Madresa wakageuka kuniangalia. Nikajibu kwa macho makavu kabisa: "Hapana, Daktari. Sisi tunaita kila mwanamke mzee mama. Ni heshima tu."

Mama alielewa kila neno. Hakuniangalia usoni, aliangalia viatu vyangu. Daktari akamwuliza kama ana mtu wake hapa Eldoret.

"Hapana," akasema. "Sina mtu."

Na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuandika majibu ya wagonjwa, nikaandika hivyo hivyo: hana mtu. Akapewa dawa ya kupaka vidonda, akaambiwa aende. Nikaita mgonjwa aliyefuata.

Miezi ilipita nikijidanganya kwamba kazi ni nyingi. Daktari naye akahamishwa. Siku niliyopata ujasiri ilikuwa Jumapili, nikaenda Ziwa na bandeji na kipande cha sabuni. Ngozi ya mguu ilikuwa imekuwa ngumu na kupasuka, na hata mimi dresa nilijua hapo bandeji haitasaidia sana. Nikachota maji, nikakaa chini mbele ya nyumba, nikaanza kuuosha. Nilijisikia mtu duni, na nilikuwa duni kweli.

Jirani aliyekuwa amehamia pale juzi juzi akaja kusalimia. Nilikuwa nikisema, "Mama, inua kidogo," nikipitisha bandeji chini ya kisigino. Yule jirani akafurahi.

"Kumbe una kijana? Huyu anakuita mama."

Nikafungua mdomo nijibu, lakini mama alinitangulia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alisema haraka, kama mtu anayemkinga mwenzake, maana alidhani bado nataka jambo lifichwe.

"Huyu ni dresa wa Eldoret," akamwambia. "Huko wanaita kila mwanamke mzee mama. Ni heshima tu."